Rele ndani ya fundo la kitenge

Watu wa mtaa wetu wa Mabanga husema mimi ndiye niliyeliharibu gari la baba. Wanasema hivyo mpaka leo, na mimi nawajibu vilevile mpaka leo: aliyewahi kuliona likiwa zima ajitokeze.

Lilikuwa gari la Kifaransa, refu, la safu tatu za viti, rangi ya maziwa yaliyochacha. Baba alilinunua kabla sijaanza shule, akafanya nalo kazi ya kubeba abiria na maharage kati ya Goma na Butembo. Injini yake ilipewa petroli na kabureta, kile chombo cha chuma kinachokaa juu yake na kuchanganya petroli na hewa. Baba aliipenda kabureta ile kupita kiasi. Njia ya Butembo inashuka mpaka tambarare ya Rwindi, halafu inapanda milima ya Kabasha, na hewa ya juu si hewa ya chini. Kwa hiyo alitembea na vipande viwili vya shaba, vyenye matundu ya kupimia petroli, ndani ya kisanduku cha kiberiti. Alisimama chini ya mlima, akafungua kabureta, akabadilisha kipande kimoja kwa kingine, akainamisha sikio. "Unasikia?" aliniuliza. Mimi nilisikia gari linalokohoa. Yeye alisikia kitu kingine, sijui nini, na uso wake ulitulia kama wa mtu aliyetoka kupokea komunyo.

Siku lava iliposhuka kutoka Nyiragongo, volkeno iliyo juu ya Goma, na kuingia mjini, sikio hilo halikutusaidia kitu.

Mama alikuwa ameshavunjika nyonga. Aliteleza na ndoo ya maji kwenye mawe ya uani, mfupa ukaungwa vibaya, na tangu hapo alitembea na fimbo: hatua ishirini, thelathini akijikaza, kisha lazima akae. Mchana ule tulimpandisha garini kiti cha mbele, amevaa kitenge chake cha Jumapili, kwa sababu alisema kama ni kufa hatakufa na nguo ya jikoni. Baba akazungusha ufunguo. Gari likakohoa. Akakanyaga pedali ya mafuta, akakanyaga tena, akakanyaga mara kumi kwa woga, yeye aliyewafundisha madereva wenzake wasifanye hivyo kamwe. Harufu ya petroli ikajaa. Kabureta ilikuwa imemwaga petroli yote ndani, plagi zimelowa, na dawa yake ni moja tu: kusubiri zikauke. Upande wa uwanja wa ndege moshi ulikuwa umesimama mweusi, na barabara nzima ilikuwa inakimbia. Hatukuwa na muda wa kukausha chochote.

Jirani alituachia chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali ambayo watu wa Goma tunabebea makaa, viazi na mbao. Tukakunja godoro juu yake, tukamlaza mama, tukamfunga kamba asiteleze. Baba alisukuma nyuma. Mimi nilishika mguu mbovu wa mama usipigwe na gurudumu. Hivyo ndivyo tulivyoshika njia ya Sake.

Magari yalitupita. Mengine yalikuwa na nafasi; niliiona nafasi hiyo kwa macho yangu, na nyuso zilizogeuka upande mwingine niliziona pia. Kijana mmoja aliyejitwika televisheni alimtazama mama pale juu, amefungwa kamba, akapaza sauti kana kwamba ameona gunia la makaa: "Muzee, hayo makala bei gani?" Watu wakacheka. Watu wanaokimbia moto hucheka kirahisi, na sikuwalaumu wote. Yule wa televisheni ningali namlaumu.

Tulipofika karibu na ziwa la Lac Vert mama aliomba tusimame. Alijifungua kamba mwenyewe, akakaa juu ya jiwe, akatuambia bila kupandisha sauti: "Miye siko mufuko ya makala. Hii njo mara ya mwisho. Mulima ikuje, vita ikuje, vitanikuta mu nyumba yangu."

Tulidhani ni uchovu. Hatukumjua vizuri.

Tuliporudi, lava ilikuwa imesimama barabara kadhaa juu yetu. Nyumba ilikuwepo. Gari lilikuwepo pia, milango wazi. Wezi walichukua masufuria, godoro la pili na betri, wakaacha lililobaki. Hata wao hawakulitaka.

Miaka ikapita, vita vikaja. Waasi walisogea mpaka nje ya mji, askari waliokuwa wanatulinda wakapita mtaani wakipora njiani kabla ya kukimbia, na watu wa Mabanga wakafunga mizigo. Mama akavuta kiti chake cha plastiki katikati ya chumba, akakaa. Baba alimbembeleza, akamkaripia, mwishoni akaleta kiti cha pili akakaa kando yake. Mimi nilikaa chini. Risasi zilipita juu ya mabati kutwa nzima. Nilikuwa na woga, ndiyo, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga: tutakufa watu watatu kwa sababu ya kitu kilichomwaga petroli.

Hatukufa. Waasi walisimama walipokuwa, na siku iliyofuata nikamuuliza mama waziwazi kitu gani kingemfanya aondoke siku nyingine. Alikuwa anachagua maharage kwenye ungo. Hakuinua macho.

"Siku motoka ya papa yako itawaka mara moja, bila kuiomba, nitapanda. Nimesema mara moja. Siyo mara mbili."

Basi. Nilijua kazi yangu.

Niseme kwamba sikuwa fundi wa magari. Nilisoma umeme katika shule ya ufundi, nikafungua kibanda cha kutengeneza redio na simu, na mikono yangu ilizoea waya nyembamba kama nywele. Lakini nilikuwa nimesoma habari za enjeksio: pampu ya umeme inasukuma petroli kwa nguvu, sindano ndogo zinaipuliza ndani ya injini, na kijisanduku kinachoitwa kalikilateri kinapima joto, kinapima hewa, kisha kinaamua kila sindano ipulize kiasi gani. Hakuna kukanyaga pedali kwa woga. Hakuna sikio. Kabasha au Rwindi, kijisanduku kinajua chenyewe.

Kwenye uwanja wa magari mabovu nilipata gari la Kijapani lililobingirika, injini yake karibu sawa na ya kwetu kwa ukubwa. Nilitoa sindano, pampu, kalikilateri na waya zake zote, waya moja baada ya nyingine, nikizifunga vitambaa vya rangi nisisahau. Mafundi wa gereji ya jirani walikuja kutazama kama wanaotazama ngoma. "Mama ya redio," waliniita. Mmoja aliniuliza kama nikimaliza gari litashika stesheni gani. Nikamwambia litashika ile ya kutangaza maiti, na jina lake litakuwa la kwanza.

Baba alikasirika kwa namna nyingine, ya kimya. Nilipofungua boliti nne za kabureta, alisimama juu yangu.

"Uko naondoa roho ya motoka, mama," akasema. Baba zetu huwaita mabinti mama. "Uko naweka radio."

"Papa, radio haijaacha mama mu njia hata siku moja."

Nilijuta kabla sijamaliza kusema. Lakini sikuomba msamaha, na sasa najua kwa nini: ingebidi niseme kwamba si kosa lake, na wakati ule moyoni nilidhani ni kosa lake. Aliinama, akaichukua kabureta, akaifuta kwa shati lake mwenyewe, akaitia ndani ya mfuko wa mchele na kuisukuma chini ya kitanda.

Kazi ilinila miezi. Mchomeleaji alinitengenezea bomba la kuingizia hewa, nikamrudishia mara tatu kwa sababu lilivuja. Nililazimika kushusha tangi na kuliosha, maana petroli yetu inauzwa kwa bidoni, madumu ya plastiki, kando ya barabara, na chini ya tangi nilikuta mchanga mweusi wa volkeno wa kutosha kupanda vitunguu. Niliweka machujio mawili badala ya moja. Halafu siku moja mchana nikazungusha ufunguo, pampu ikalia ziii kwa nyuma, na injini ikawaka kabla sijaondoa mkono. Ikatulia. Ikaimba sauti moja tu, bila kikohozi. Nililia, sifichi.

"Kesho," mama akasema kutoka mlangoni. "Miye nataka kuona ya asubui."

Asubuhi nikazungusha ufunguo mbele yake. Ikawaka, ikapanda, ikashuka, ikapanda, ikazima.

"Moja," akasema mama.

Nikazungusha tena. Ikazima.

"Mbili." Akarudi kwenye maharage yake.

Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Mchana, baada ya kuzunguka nalo kidogo, gari lilitulia kabisa. Asubuhi lilikuwa limesahau kila kitu, kama mgeni aliyefika jana. Nilibadilisha waya za chini, zile zinazorudisha umeme kwenye bodi. Nililehemu upya kila kiungo. Nilifungua kalikilateri na kuikagua kila kijiguu chake cha chuma kwa lenzi ya kutengenezea simu. Baba alipita kando akisema "Inasahau, hein?" kwa sauti ya mtu anayejizuia asifurahi, na mafundi wa jirani hawakujizuia hata kidogo. Mama alihesabu tu. Na mlimani kila jioni tuliona wekundu juu ya mdomo wa volkeno, na kutoka Rutshuru habari za waasi zilianza tena, na mimi nilikuwa nashindana na sanduku lisilokumbuka.

Jioni moja nilirudi kutoka kibandani mapema, nikakaa uani kuvua viatu. Baba akatoka na spana namba kumi, akafungua boneti, akatoa waya wa betri, akaufunga kitambaa, akafunga boneti, akaingia ndani. Nikaendelea kuvua kiatu cha pili. Halafu nikabaki nimekishika mkononi.

Alifanya hivyo kila jioni tangu uasi wa kwanza, nilipokuwa mtoto, na kuurudisha waya kila alfajiri. Akina baba wote wa barabara yetu walifanya hivyo: mmoja alitoa waya wa betri, mwingine alitoa kidole cha delko, kile kipande kidogo kinachogawa moto kwenye plagi, ili askari au mwasi akija kuchukua gari alikute limekufa. Kwetu ni kama kufunga mlango. Nilikuwa nimeliona tendo hilo tangu utoto, jioni zote za maisha yangu, na kwa sababu nililiona kila siku sikuliona tena. Kalikilateri hujifunza injini yake kidogo kidogo na huweka ilichojifunza kwenye kumbukumbu inayoishi kwa umeme wa betri. Kila jioni baba aliiua. Kila asubuhi ilizaliwa upya, mbele ya mama, na kupewa alama mbili.

Nilimwita baba nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, spana ingali mkononi.

"Miye njo nilikuwa naiua?"

"Weye, Papa. Kila mangaribi."

Nilitaka kupiga kelele, nikacheka; na yeye akacheka, mara ya kwanza tangu nifungue zile boliti nne. Kisha akauliza swali la maana kuliko yote niliyojiuliza mimi: "Sasa wakikuja kuiiba?"

Jibu lilikuwa rele. Ni kijidude cha plastiki cha mraba, unaweza kukificha ndani ya ngumi, na umeme wa kwenda kwenye pampu ya petroli lazima upitie hapo. Ukikitoa, betri inabaki, kumbukumbu inabaki, injini itazunguka mpaka ichoke lakini tone la petroli halitafika. Nilihamisha nafasi yake, nikaiweka chini ya dashibodi upande wa abiria, pale magoti ya mama yanapokaa. Rele yenyewe nikampa mama. Aliigeuza mkononi, akainusa, akaifunga kwenye ncha ya kitenge chake, lile fundo ambalo mama zetu wanafungia pesa na vitu wasivyomwamini mtu navyo. Asubuhi akaifungua, akanipa, nikaichomeka, nikazungusha ufunguo.

"Moja," akasema.

Tukangoja. Injini ikaimba. Hakukuwa na mbili.

"Na kesho?" akauliza. Huyo ndiye mama yangu.

Waasi waliingia mjini kweli, safari ile. Watu wa kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, nje ya mji, waliteremka wakikimbia na watoto mgongoni, na kabla hatujaamua lolote, mji ulikuwa na wenyewe wapya. Siku ya tatu walikuja kwetu waasi watatu, na dereva wao. Walitaka gari. Baba aliwapa ufunguo. Dereva alizungusha, injini ikazunguka tu. Akatabasamu kama mjuzi, akafungua boneti, akatoa mfukoni vidole vya delko vitatu vya aina tatu. Alikuwa anatembea navyo kama mchungaji na misalaba. Akafungua kifuniko cha delko. Kidole kilikuwepo. Tabasamu likapungua. Akatafuta kabureta aifungue, akazunguka mbele, akazunguka kando.

"Muzee, karbiratere iko wapi?"

"Mutoto wangu aliitoa," baba akasema kwa uchungu wa kweli kabisa. "Aliharibu motoka yangu. Uliza kartie yote."

Na mtaa, kwa mara ya kwanza, ukanisaidia. Mafundi wa jirani waliitwa, wakaapa mbele ya bunduki kwamba mimi ni mwendawazimu na gari lile halitembei tena. Walisema kwa moyo wote. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, mkono mmoja juu ya fundo la kitenge, akiwauliza wale waasi kama mama zao wanajua walipo. Walizungusha ufunguo mpaka betri ikaisha, wakapiga mlango teke, wakaenda. Alama ya teke iko mpaka leo. Sikutaka inyooshwe.

Halafu mlima ukatoka tena. Safari hii lava ilisimama pembeni mwa mji, lakini ardhi ilitetemeka siku baada ya siku, ukuta wa jiko ukapasuka, na asubuhi moja redio zikatangaza kwamba mitaa kadhaa ihame, Mabanga ikiwemo, kwa sababu moto ulikuwa chini ya miguu yetu. Baba alikuwa mzee sasa, macho hayaoni mbali. Mama alikuwa na umri wa kubebwa na watu wanne. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, na mimi nilisimama mbele yake, na nilijua hakuna nguvu duniani itakayomnyanyua kama hataki.

"Mama."

Akachukua fimbo. Alitembea mwenyewe mpaka garini, akipumzika mara mbili, majirani wote wanatazama na magodoro yao kichwani. Akakaa kiti cha mbele na kitenge chake cha Jumapili. Akafungua fundo kwa meno, akainama kwa taabu, akaichomeka rele mahali pake. Ikalia tik.

"Washa," akasema. "Mara moja."

Nilizungusha. Sitaeleza zaidi.

Njia ya Sake ilikuwa imejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Tulikwenda mwendo wa mguu, tunasimama, tunasogea, jua linatupiga. Pembeni magari yalikuwa yamefunguliwa boneti, madereva wanapuliza kabureta kwa midomo. Letu liliimba tu. Nyuma yangu baba alikuwa amepakata mfuko wa mchele. Nilijua kilichomo tangu tulipoondoka. "Ikizima," aliniambia njiani, "nitajua kuirudisha."

Karibu na Lac Vert, pale barabara inapoinuka, mama alinishika mkono.

"Simama."

Mbele yetu mwanamume alikuwa anasukuma chukudu, na juu yake, amefungwa kamba juu ya godoro, mwanamke mzee mwenye kilemba cha kijani akitazama mbele tu, kama asiyetuona. Nilisimama. Nyuma yetu honi zikapasuka, mtu akanitukana mimi na ukoo wangu. Mama akashusha kioo.

"Mama, ingia. Kiti iko."

Kiti hakikuwepo. Kulikuwa na godoro, masufuria, kiti cha plastiki, na baba na mfuko wake. Yule mwanamke alitutazama kama watu wanaomfanyia mzaha. Ndipo baba akafungua mlango, akateremka taratibu akishikilia gari, akaweka mfuko wa mchele kando ya barabara, juu ya mawe ya lava. Akaanza kufungua kamba za chukudu.

"Papa, karbiratere," nikasema.

"Ni nzito tu," akasema. "Saidia huyu mama ashuke."